Lori la Kilomita Chache

Wanaume watatu walikaa barazani wakijadili kitu ambacho hakuna hata mmoja wao aliyejua kukiendesha. Mzee Ambilikile alikalia kiti chake cha mgongo. Mwanawe Meshaki alikalia kigoda. Boazi, dalali wa Tukuyu mjini, alikalia kiti kizuri kuliko vyote, kile cha mito, maana kijijini Isongole mgeni hukirimiwa kabla hajapimwa. Nyuma ya ukuta wa mbao, jikoni, Esnath mke wa Meshaki alimenya viazi akisikiliza kila neno.

Jikoni ndiko alikojifungia kila baba mkwe alipokuwa barazani. Mzee Ambilikile alikuwa mzee wa kanisa. Mila za Kinyakyusa zilizomgharimu yeye aliziacha zote siku alipobatizwa, akabakiza moja, iliyomgharimu mtu mwingine. Mke wa mwanawe hakuruhusiwa kumtazama usoni, kumsemesha, wala kulitaja jina lake. Wakikutana njiani, Esnath alipaswa kujifunika kitenge na kuchepukia majanini, hata kama ana ndoo ya maji kichwani na mtoto mgongoni. Kwa miaka kumi na mmoja ya ndoa alikuwa amechepuka kuliko ng'ombe. Alimjua mkwewe kwa kikohozi, kwa mlio wa fimbo na kwa visigino.

"Elfu arobaini na sita," Boazi alisema, akalilaza neno lenyewe mezani kama mtu anayeweka nyama. "Kilomita elfu arobaini na sita tu, mzee wangu. Hizo si kilomita, ni matembezi ya kwenda kumsalimu shangazi."

"Na umri?"

"La mwaka wa sabini na nne. Lakini umri unapimwa kwa kazi. Wewe mwenyewe una sabini na ushee, nani atakuambia? Itazame mikono yako, mzee wangu. Laini!"

Mzee aliitazama mikono yake, akapendezwa nayo. Esnath naye aliifikiria. Ilikuwa laini kweli. Haikushika jembe tangu alipomwoza mwanawe.

"Na lile lori la Jotham, yule kijana wa mjini?" Meshaki aliuliza.

"La Jotham lina miaka saba, sikatai. Ila limekimbia laki nne! Laki nne, Meshaki. Hilo limebaki ngozi na honi."

"Ng'ombe aliyezaa mara kumi hununui," Mzee alisema.

"Hununui, tata," Meshaki akaitikia, akimwita baba kwa Kinyakyusa.

Ulikuwa mwaka wa tisini na mbili. Biashara ilikuwa imefunguliwa, kila kitu ruksa, na ruksa hiyo ilipanda Isongole kwa malori ya wachuuzi kutoka Dar es Salaam. Walinunua viazi kwa lumbesa, yaani gunia lililoshonewa kilemba juu hadi likawa gunia na nusu, wakalilipa kama gunia moja. Kila mkulima aliyelizwa na lumbesa aliota lori lake mwenyewe. Mzee Ambilikile aliota akiwa macho. Alikwisha pata mnunuzi wa shamba la juu, ofisa mmoja wa wilayani aliyetaka kupanda miti. Shamba la juu ndilo lililoilisha nyumba ile, na Esnath ndiye aliyelilima. Likiuzwa vibaya, hakukuwa na jingine.

Kisu kilimkata kidole. Akakinyonya, akaendelea kumenya.

*

"Hebu niambie," alimwambia mumewe kesho yake, wakiwa wameinama shambani wanachimba viazi. "Gari la miaka kumi na minane limetembea elfu arobaini na sita tu. Siku zote hizo lilikuwa likifanya nini?"

"Lilitunzwa."

"Na nani? Ule mradi wa kilimo wenye lori hilo ulikufa mimi sijaolewa, wakaliacha humo humo bandani kwa sababu vipuri havikuwapo. Lile banda nalipita kila nikienda Tukuyu. Bati limetoboka kama chekecheke."

"Sasa wewe magari umeyasomea wapi?"

"Sikuyasomea. Lakini shuka ukilikunja kabatini miaka kumi, siku ya kulitandika linachanika palepale kwenye mikunjo. Na huku kwetu mvua hainyeshi, inaishi. Kama shuka linaoza, mipira ya breki je?"

Meshaki alikung'uta udongo kwenye kiazi ambacho hakikuwa na udongo. Alikuwa mwanamume mwenye kifua na mabega, wa kupendeza kabisa akiwa amesimama peke yake. Mbele ya baba yake alikuwa na uti wa mgongo wa konokono.

"La Jotham limechoka," alisema.

"Limechoka vipi? Jumamosi lilipita hapa na mbolea, Jumatatu likarudi na mahindi. Lori likifikisha laki nne, maana yake kila lilikotumwa lilifika."

"Ukweli wako una kelele, mama Jackson."

"Basi kampe baba yako, yeye umpe kimya kimya."

"Ameshaamua."

"Hata kwenda kuyatazama hajaenda!"

"Ndiyo maana nakwambia ameshaamua."

Esnath alimtazama kwa muda, jinsi mtu anavyotazama mbegu iliyooza akijiuliza ni nani aliyemuuzia. Akarudi kwenye tuta lake.

*

Upande wa chini wa nyumba kulikuwa na uwanja wa malisho, ardhi nyeusi, tambarare, ambayo jembe halikuwahi kuigusa. Ng'ombe wa Mzee walikuwa wamebaki watatu, lakini uwanja ulitosha thelathini, maana mzee mwenye uwanja mdogo huonekana mdogo. Jioni ile Esnath aliwapelekea maganda ya viazi. Akasikia kikohozi nyuma ya mianzi.

Alijifunika kitenge, akageuza mgongo. Kisha akamshika pembe ng'ombe mwekundu, yule mzee kuliko wote, akaanza kumsemesha kwa sauti ya kumfikia hata kiziwi. Mila haikukataza mtu kuzungumza na ng'ombe.

"Wewe mama, una miaka mingapi vile? Kumi na miwili. Na umezaa mara moja tu. Dalali angekupeleka mnadani akaimba, 'Mwoneni huyu, hajachoka, tumbo lake jipya!' Lakini mnunuzi mwenye akili angeuliza neno moja tu: mbona hakuzaa? Ng'ombe wa kuzaa mara moja hakutunzwa, alishindwa. Haya, ni mnunuzi gani huyo ajuaye kumuuliza ng'ombe, asijue kuliuliza lori?"

Kikohozi kilikatika. Fimbo ilisimama. Esnath alingoja, kwa sababu alijua maneno yamefika. Mkwe mwenye busara huchukua neno la namna ile akaenda nalo nyumbani, kesho akalitoa kama lake, na hakuna anayeaibika.

Usiku, wakati wa chakula, Mzee alimwita mwanawe.

"Mkeo anazungumza na ng'ombe," alisema. "Mwangalie. Isije ikawa anaumwa."

*

Siku ya kununua, Esnath alichukuliwa hadi Tukuyu kwa sababu moja tu: fedha za shamba lililouzwa zilikaa kifuani mwake. Wanaume waliogopa vibaka. Alitembea hatua kadhaa nyuma yao, amejifunika, amebeba mali yote ya ukoo, na alipofika mahali pa maneno aliambiwa asimame ng'ambo ya barabara.

Walianza kwa Jotham ili isisemwe kwamba hawakuanza kwake. Jotham alikuwa chini ya lori lake, miguu tu ikionekana. Alitoka akijifuta mafuta.

"Shikamoo, mzee. Mmekuja kununua au kutalii?"

"Marahaba. Tunaambiwa limetembea sana."

"Limetembea. Sikudanganyi, mita hiyo hapo. Injini ilishafunguliwa mara moja ikasukwa upya, giaboksi nimebadilisha mwaka jana, na hizi tairi mbili za nyuma zinakufa, utanunua nyingine. Panda uliwashe."

"Mimi si dereva."

"Basi ungekuja na dereva, mzee. Hata ng'ombe hanunuliwi kwa kusimuliwa."

Esnath, ng'ambo ya barabara, alicheka ndani ya kitenge. Mzee Ambilikile hakucheka. Kijana alikuwa amemwambia kila kasoro ya gari, na Mzee alisikia kitu kimoja tu: kwamba hakuinama alipomsalimu.

Kwa Boazi kulikuwa na kiti kivulini. Kulikuwa na soda, na mrija wa kunywea ndani yake. Lori lilikuwa limepakwa rangi ya buluu mpya hata likanukia, na pale ambapo kutu ilikataa kupakwa palibandikwa picha ya simba. Boazi alimwita Mzee "chifu" mara nne kabla soda haijaisha. Akamfungulia mlango wa kabini, akamkalisha, akamwonyesha mita. Mzee alitoa leso ya kanisani, akafuta kioo cha mita kwa utaratibu, kana kwamba anamfuta mtoto pua. Elfu arobaini na sita. Namba zilikuwa pale pale, wala hazikuwa za uongo. Kila kitu kingine kilichoshikana nazo ndicho kilichokuwa kimeoza.

Fundi mmoja alifunga betri ya kuazima. Lori lilikohoa, likatapika moshi mweusi uliofunika yadi nzima, kisha likanguruma.

"Moshi wa usingizi huo, chifu," alisema Boazi. "Limelala muda mrefu. Likipata kazi litauacha."

Lilizungushwa yadini mara moja, taratibu, kama bibi harusi. Meshaki akavuka barabara.

"Toa," alimwambia mkewe.

"Mmetazama mipira ya breki?"

"Toa, Esnath. Watu wanatuangalia."

"Meshaki. Hili ni shamba."

"Toa!"

Akageukia ukuta wa duka la watu, akafungua nguo mbele ya matofali, akalitoa shamba lake likiwa limefungwa kwa mpira, bado lina joto la mwili wake.

*

Lori lilipakiwa mavuno ya mwisho ya shamba la juu. Majirani walikuja kuona, na waliolizwa na lumbesa walishika bodi kwa heshima. Dereva wa kukodi, Allen, kijana wa Tukuyu, alikuwa amelileta kutoka mjini, na uso wake haukufurahia.

"Breki zinazama, mzee. Nakanyaga mara tatu ndipo zinashika."

"Zitazoea," alisema Mzee Ambilikile, akapanda kabini.

Ndani kulikuwa na nafasi ya watu watatu: dereva, Meshaki na Mzee. Mtu wa nne angeweza kubanana nao, lakini si mke wa mwana. Esnath alikaa juu ya magunia, mvua ikimnyeshea, kwa kuwa lazima awepo mtu wa kupatana bei sokoni Mbeya, na kazi hiyo wanaume wale hawakuiweza. Lori likaondoka likishangiliwa.

Kwenye kilima kirefu cha kwanza, mpira wa rejeta ulipasuka. Mvuke ukaruka, injini ikazima. Allen alivuta hendibreki kwa mikono miwili, akawaambia wote washuke.

"Mwenye gari hashuki," alisema Mzee. "Tengenezeni."

Alipandisha kioo kuzuia mvua, akakaa wima, mikono juu ya fimbo. Allen aliruka nje akauacha mlango wake wazi. Yeye na Meshaki walifungua boneti wakaingiza vichwa. Esnath aliteremka kutoka juu ya magunia, akaenda kando ya barabara kutafuta jiwe la kuzuia tairi. Hakutumwa na mtu.

Alipoliinua jiwe aliliona tairi likigeuka. Liligeuka polepole, kinyumenyume, bila sauti, na nyuma yake, mahali barabara ilipokata kona, kulikuwa na korongo. Akakimbia akalitupa jiwe chini ya tairi. Tairi lilipanda juu yake, likalizamisha kwenye tope.

"Tata!" Meshaki alipiga kelele. "Tata, shuka! Shuka!"

Mzee aliiona mikono ya mwanawe ikipepea kwenye mvua. Akaona miti ikisogea. Uso wake ukachanua: lori lake lilikuwa limepona na lilikuwa linakwenda. Upande gani lilikuwa linakwenda, hilo hakuliuliza. Akainua mkono akampungia mwanawe, jinsi wakubwa wanavyopunga. Allen alikimbilia ule mlango ulioachwa wazi, akateleza, akalala kifudifudi barabarani.

Esnath alikuwa upande wa pili, upande wa Mzee. Alirukia kidato cha kupandia akashika kioo cha pembeni. Kitenge kilianguka chenyewe. Akabandika uso wake kwenye kioo cha dirisha, uso mtupu, wenye mvua, ambao mtu yule hakuwahi kuuona kwa miaka kumi na mmoja, akaita kwa nguvu zake zote:

"Ambilikile!"

Mzee aligeuka. Tairi, korongo, kelele za mwanawe, hayo yote hayakuwa yamemshtua. Lakini mke wa mwanawe, amemkodolea macho, anamtaja jina! Akafanya kile ambacho kila mkwe mwenye malezi hufanya. Akakimbia. Aliruka kiti cha katikati, akaruka kiti cha dereva, akatokea mlango wa upande wa pili akiwa amejiziba macho kwa viganja, akamwangukia Allen mgongoni.

Esnath naye alijiachia. Lori liliendelea peke yake hadi kwenye kona, likasita kidogo ukingoni kana kwamba linajipima, kisha likaenda na viazi vyote.

Mvua iliendelea. Mzee alikuwa ameketi kwenye tope akiushika mkono uliovunjika, na bado alikuwa ametazama pembeni, ili asimwone mtu aliyemwokoa.

*

Baada ya wiki kiliitwa kikao. Wazee wa jirani walikuja wanne. Esnath alidhani wataulizana habari za Boazi, ambaye hakuonekana tena mjini, au habari za njaa, ambayo haikuwa na haja ya kutafutwa. Alikaa jikoni, nyuma ya ukuta wake wa mbao. Mama mkwe, Atuganile, alikaa mkekani karibu na mlango, mdogo, mkimya, akisokota uzi wa kikapu.

Meshaki ndiye aliyesema kwa niaba ya baba yake.

"Mke wangu amevunja mwiko. Amemtaja mkwewe kwa jina na kumwonyesha uso. Tata anasema alete jogoo, aombe radhi."

Esnath alitaka kucheka, akaona kicheko ni kitu kizuri mno kuwapa.

"Jogoo," Atuganile alisema, bila kuacha kusokota. "Na mkwe akishauona uso wa mke wa mwanawe, mila inasemaje?"

Wazee walitazamana. Mmoja, mkubwa wao, alikuna kidevu.

"Aliyeuona hutoa ng'ombe," alisema. "Ng'ombe wa kumfungua. Baada ya hapo mwiko umekwisha kati yao."

"Hiyo ni mila ya zamani!" Mzee Ambilikile alisema.

"Na ya jogoo ni ya lini?" mkewe aliuliza.

Mzee mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Mzee Ambilikile alikuwa ameishika mila ile miaka yote kama mtu anayeshika mkia wa mbwa wa jirani. Leo ndipo alipogundua kwamba upande wa pili kuna meno.

"Sitaki ng'ombe," ilisema sauti ya Esnath kutoka nyuma ya ukuta. "Hao wenye matumbo mapya abaki nao. Nipewe uwanja."

"Uwanja gani?" Meshaki aliuliza, ingawa alijua.

"Wa malisho. Nataka kupanda viazi."

"Uwanja wa baba zangu haulimwi!" Mzee alifoka. "Watu watasemaje wakipita? Mimi, mwenye lori..."

"Shamba umeuza," Atuganile alisema, na sasa aliuweka uzi chini. "Lori liko korongoni. Watoto wako ndani. Tutakula nini, mume wangu? Kilomita?"

Safari hii wazee wote wanne walicheka, na hawakujifanya wanakohoa. Mkubwa wao alichukua fimbo yake akasimama. Kwa watu wa kule, mzee akisimama baada ya kucheka, shauri limekwisha.

*

Meshaki alishuka korongoni kuangalia kama kuna kifaa cha kuuza. Kabini ilikuwa imepondeka, lakini mita ilikuwa nzima. Ilikuwa imeongeza kilomita thelathini na moja. Boazi hakudanganya hata kidogo: mpaka leo, pale lilipolala na mianzi ikiota kwenye bodi, bado ni lori la kilomita chache sana. La Jotham hupita juu yake mara mbili kwa wiki likipiga honi.

Asubuhi ya kwanza ya kulima, Esnath aliingia uwanjani na jembe. Kitenge alikifunga kiunoni. Ardhi nyeusi ilifunguka kwa pigo la kwanza, laini, nono, ardhi iliyokuwa imekaa miaka yote ikimngoja mtu asiyeogopa watu watasemaje. Ng'ombe mwekundu alisogea, akanusa tuta, akapuuza.

Kikohozi kikasikika njiani. Esnath aliinuka, akajipangusa paji la uso, akageuka. Hakuchepuka.

Mzee Ambilikile alikuwa amesimama kati ya njia, mkono umefungwa shingoni kwa kitambaa, hana mtoto wa kumtuma wala mwana wa kumsemea. Mwiko ulikuwa umekwisha. Wazee walikwisha sema. Palibaki salamu tu.

"Ugonile, tata!" Esnath aliita salamu ya Kinyakyusa, kwa sauti ya kutosha kufika hadi barabarani.

Mzee aliangalia mbele, akaangalia nyuma. Kisha akaivuta kola ya koti ikamfika masikioni, akauinamisha uso, akachepukia kwenye mianzi iliyolowa. Maji ya majani yalimmwagikia yote kichwani. Kutoka humo ndani, baada ya kitambo, ikatoka sauti ndogo ikiitikia salamu:

"Ndaga."

Esnath alirudi kwenye tuta lake. Mzee alichepuka vizuri, kwa kweli, kwa mtu asiye na mazoezi.